Haya Mbili

Alasiri ilikuwa bado haijaisha. Watu wa mji walishaacha kuishangaa. Jua lilikuwa limekaa palepale juu ya paa la ghala la mtama, halipandi, halishuki, na kivuli cha kila mtu kilikuwa kimenata miguuni pake. Msiniulize muda gani ulikuwa umepita, kwa maana muda ndio hasa uliokuwa umegoma kupita. Watoto walizaliwa, wakatambaa, wakaota ndevu, na bado waliitwa watoto wa mwaka huu, kwani mwaka ulikuwa haujageuka. Wasichana walizeeka wakingoja jioni ya harusi zao. Neno "kesho" lilibaki vinywani mwa wachache, nao walilisema kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni.

Sikudhani alikuwa mlangoni pake, anapepeta mchele, mpiga mbiu alipomjia. Alikuwa mwanamke mtu mzima, au alikuwa msichana; ilitegemea anamkumbuka nani wakati huo. Akimkumbuka mama yake, mikono ilikuwa laini na ungo ulimwelemea. Akimkumbuka Ngwali, mgongo ulimpinda na magoti yakamuuma. Alishazoea. Katika alasiri ile kila mtu alikuwa na umri wa jambo analoliwaza.

"Hodi, Bi Sikudhani."

"Karibu. Kama umekuja na mbiu, iache hapo nje pamoja na viatu."

Mpiga mbiu akacheka. Mji ule kila mtu alicheka, kicheko ndicho kilichokuwa salamu. "Unaitwa uwanjani, bibi. Mtani wako anakuita."

"Nina mtani mimi?"

"Unaye. Yule Aliyekaa."

Hivyo ndivyo walivyomwita Ngwali: Aliyekaa. Hawakumwita mfalme wala mtukufu. Kumpa jina jingine kungekuwa kukiri kwamba mchezo umekwisha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri. Mpiga mbiu akaweka pembe yake chini na kutoa tangazo kwa sauti ya kawaida, kwani msikilizaji alikuwa mmoja. Kuanzia leo neno "haya" litakuwa na maana moja tu, nayo ni "ndiyo". Ile maana nyingine imefutwa. Mtu asiseme mwenzake hana haya, maana atakuwa anasema mwenzake hana ndiyo, na hayo ni maneno ya mlevi. Na kwa kuwa Bi Sikudhani ndiye aliyelitamka neno lile kwanza, atakuja mbele ya watu aseme kwamba alipotamka "haya" alikuwa anasema: ndiyo, kaa.

"Nisiposema?"

"Ala! Kwa nini usiseme? Si ni utani tu?"

Hapa sharti nieleze kidogo, maana wapo wanaodhani utani ni mizaha ya vijiweni. Sivyo. Ukoo wa Sikudhani na ukoo wa Ngwali waliwahi kupigana zamani, wakauana mpaka wakachoka. Walipochoka wakakaa chini, wakala kiapo: tangu leo hatupigani, tunatukanana. Mtani wangu akinivua kofia sokoni, nitacheka. Akiingia jikoni akamaliza mboga yote sufuriani, nitacheka. Anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Na malipo yake ni haya: mimi nikifa, mtani wangu ndiye atakayeingia kaburini kunipokea, na akifa yeye nitampokea mimi. Nichukulie nikiwa hai, nizike nikifa. Watu wale hawakuwa na amani nyingine zaidi ya hiyo, na iliwatosha.

Ndipo ukaja ule ukaaji wa mwisho wa mwaka. Alasiri ya mwisho Mwenye Mji huvua kilemba, akashuka mtoni kuoga mwaka. Kigoda chake hakiruhusiwi kubaki kitupu, kwani kitu kitupu kina wapangaji wake. Wala hakikaliwi na ndugu yake, kwani ndugu ana tamaa. Hukaliwa na mtani. Kwa muda wa mtu kuoga, mtani hutawala. Huwatoza mbuzi faini. Huikataza mvua kuingia mjini na viatu. Humwiga Mwenye Mji anavyokohoa, anavyokuna sikio, na watu hucheka wakashika mbavu. Kisha Mwenye Mji hurudi, maji yanamchuruzika, na yule aliyemdhamini mtani husema neno moja: "Haya!" Basi mtani huinuka, jua huzama, mwaka hugeuka. Hakuna askari aliyewekwa pale. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni neno lile tu, na uso wa anayeambiwa, na wahenga walishasema uso umeumbwa na haya.

Na aliyemdhamini Ngwali ni nani? Wazee walipouliza, Sikudhani alisimama mwenyewe, hakusukumwa na mtu. "Mimi namdhamini," alisema. "Namjua. Ana haya huyu."

Alijifunga khanga, akauacha ungo pale mlangoni, akashika njia ya uwanjani. Alikuwa akijiambia kwamba anakwenda kukataa. Lakini miguu yake ilikwenda haraka kuliko miguu ya mtu anayekwenda kukataa, na alijua kwa nini. Alitaka kumwona. Baada ya yote yale bado alitaka kumwona yule bwana, na jambo hilo lilimuudhi kuliko mbiu yenyewe.

*

Haya. Simama basi, haya.

Haya, kaa.

Haya, twende. Haya, tuone. Haya, kula.

Mtu huyu hana haya.

Nilisema lipi? Mdomo ulikuwa wangu. Neno lilitoka zima, likapita hewani, likafika kwake limegeuka. Au halikugeuka. Labda maneno hayana maana mpaka yaangukie ndani ya mtu, na humo ndani yakute kitu. Yakikuta kitu, yanalia. Yasipokuta kitu, yanazama kimya.

Nilimdhamini. Si ndiyo? Nilisimama mwenyewe.

*

Karibu na ghala la mtama alimkuta Mwalimu Zaharani, amechuchumaa anapima kivuli cha ukuta kwa kamba. Alikuwa mtu mwema, mwenye kusoma sana, na amekuwa akikipima kivuli kile kwa matumaini ambayo Sikudhani aliyaheshimu.

"Kimesogea, Mwalimu?"

"Bado. Lakini bado si kamwe." Akakunja kamba. "Nimesikia umeitwa. Usijitese, mwanangu. Mimi nimelitazama jambo hili pande zote. Mto ukishapata mteremko, hauhitaji tone fulani. Mji ulikuwa umechoka, Mwenye Mji alikuwa mpole kupita kiasi, watu walikuwa wanapenda kuchekeshwa. Asingekaa Ngwali, angekaa mwingine."

"Ila alikaa Ngwali."

"Jina tu hilo."

"Mimi niliyemdhamini sikudhamini mteremko, Mwalimu. Nilidhamini mtu."

 Zaharani akarudi kwenye kamba yake. Hakuwa amekosea, na Sikudhani alilijua hilo. Maneno ya mzee yule yalimwandama njia nzima. Kweli mji ulikuwa umechoka. Kweli watu walipenda kuchekeshwa. Lakini miaka mingapi mji ulikuwa umechoka hivyohivyo, na mtani akaambiwa haya, akainuka? Alianza kuwatafuta kichwani. Alikuwepo bibi mmoja mnene aliyekaa mwaka wa nzige. Aliiga mwendo wa Mwenye Mji mpaka watu wakalia kwa kicheko, halafu akainuka, akaenda zake kupika. Alikuwepo mganga wa meno. Alikuwepo kiziwi, ambaye hakulisikia neno, akaliona tu mdomoni mwa watu, akainuka. Majina yao? Hakuyakumbuka. Hakuna anayeyakumbuka. Aliyekaa ana wimbo, ana pembe, ana watu wa kumpepea, na vitoto vyenye ndevu vinajifunza habari zake. Wale wote walioinuka hawakuacha kitu nyuma yao isipokuwa jioni. Kila jioni tuliyoiona, aliwaza Sikudhani, kila asubuhi iliyofuata, tulipewa na mtu aliyeona haya, naye hakutuambia chochote, akaenda zake kupika. Tukadhani ni jua.

Alisimama njiani kwa wazo hilo.  Kama historia imeshikwa mahali padogo namna ile, na mishipa ya uso wa mtu mmoja, basi walikuwa wameishi maisha yao yote juu ya kitu ambacho hawakuwahi hata kukishukuru.

Na Ngwali? Ngwali alikuwa na haya. Hilo halikuwa dhana tu, mwanamke yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameliona kwa macho yake, kwenye kaburi la mama yake mzazi.

Siku ya mazishi yale Sikudhani hakulia. Alikuwa binti, na machozi yalikuwa yamemkauka mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba msiba utamwingia kichwani. Ngwali aliingia kaburini kumpokea marehemu, kama ilivyo haki ya mtani, na kabla jeneza halijasogezwa akajilaza chali mle ndani, akakunja mikono kifuani.

"Pazuri," akasema. "Bibi huyu mtafutieni pengine. Mimi hapa nimeshapangisha."

Wakamsihi, wakamtukana, akakataa kutoka. "Sitoki," akasema, "mpaka yule binti mwenye uso wa kibuyu acheke." Sikudhani akainama, akamwona mtani wake pale chini, udongo umemjaa masikioni, jicho moja amelifumba na jingine linamchungulia. Kicheko kikamtoka, na nyuma ya kicheko yakaja machozi yote aliyodaiwa. "Haya," akasema, huku anacheka na kulia kwa pamoja. "Haya, Ngwali. Toka." Naye akainuka palepale, akajikung'uta, uso wake umebadilika, akampokea mama yake Sikudhani kwa mikono miwili, taratibu sana, kana kwamba anaogopa kumwamsha. Tangu hapo mtu akimsema vibaya Ngwali, Sikudhani alikuwa na jibu moja: nyinyi hamkumwona mle ndani.

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu waliketi chini, wamechoka kucheka na bado wanacheka, kicheko cha kooni kisichofika machoni. Maana wote walijua hesabu yake, ingawa hakuna aliyeitaja: tukicheka, ni utani. Ukiwa ni utani, hakuna kilichochukuliwa. Kama hakuna kilichochukuliwa, sisi si watu tulioachia kitu kichukuliwe. Basi wakacheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani alitaka kulifunua jipu mbele za watu?

Pembeni, kwenye lango la upande wa mto, alisimama Mwenye Mji. Alikuwa bado amelowa. Tangu alipotoka mtoni maji yalikuwa yanamchuruzika kidevuni na kwenye pindo la shuka, na miguuni pake pamefanyika dimbwi. Alimwona Sikudhani, akamwita kwa kidole.

"Amemaliza?" akamnong'oneza.

"Nani, babu?"

"Mtani. Amemaliza utani wake? Sipendi kumkatiza."

Sikudhani alimtazama mzee yule, adabu yake yote, subira yake yote, na akatamani kumtikisa mabega. Watu walikuwa wakimsifu kwa upole ule. Lakini upole huo nao ulikuwa umesimama kwenye lango na kuangalia. Ngwali alikosa kitu kimoja, na mzee huyu alikuwa nacho tele, na upungufu huo na wingi huo vilikutana alasiri moja vikafungana, kama mlango na komeo. "Bado, babu," akajibu. 

Ngwali alikuwa katikati, juu ya kigoda. Hakuwa amezeeka hata kidogo, kwani hakuwa na jambo jingine analowaza zaidi ya kukaa. Mashavu yaleyale, jicho lilelile la kuchungulia. Alipomwona akapiga makofi.

"Weee! Nani amefungulia hili kaburi likatembea?"

Uwanja ukaangua kicheko. Na Sikudhani, kabla hajajizuia, ulimi ukajibu wenyewe: "Bora kaburi linalotembea kuliko makalio yaliyoota mizizi!"

Watu wakapiga vigelegele. Ngwali akacheka mpaka akajifuta macho, na Sikudhani akahisi tumboni lile joto la zamani, furaha ya kutukanwa na mtu anayekupenda. Loo, ilikuwa tamu! Hapo ndipo alipoogopa kweli. Alikuwa amekuja kukataa, na kwa neno moja tu alikuwa ameshacheza.

Ngwali akamwashiria asogee. Akainama, mdomo karibu na sikio lake, kama walivyokuwa wakinong'ona utotoni.

"Siku," akasema. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. "Unadhani nilitaka haya yote?"

"Sikudhani," akajibu. "Ndilo jina langu."

"Nisikilize. Siku ile ulisema haya ukiwa unacheka. Si unakumbuka? Mvua na viatu vyake. Ulikuwa unacheka. Nikajiambia, huyu bado anafurahi, nimwongeze kidogo. Akisema mara ya pili bila kucheka, nainuka. Nikangoja. Wallahi nilingoja. Hukusema. Ulikwenda zako nyumbani ukapepeta mchele. Neno moja tu, Siku. Ungelisema ungenipata nimesimama." Akamshika mkono. "Kwa hiyo usije hapa na hilo jicho. Nani alinikalisha, mimi au wewe?"

 Ilikuwa kweli, Sikudhani alikuwa amecheka. Aliiona tena alasiri ile kama ilivyokuwa: Mwenye Mji ametokea langoni amelowa, watu wanajifuta machozi ya kicheko, na yeye anaita "Haya!" huku mbavu zinamuuma. Ngwali akamtazama. Mtazamo ule Sikudhani aliurudia mara nyingi mno tangu hapo, akitafuta uovu ndani yake, asiuone. Kulikuwa na utulivu tu, wa mtu aliyeonja uji akaona umekolea. Kisha Ngwali akasogeza makalio, akakaa vizuri zaidi. "Haya," akaitika. Akawageukia watu: "Mmesikia? Amesema haya." Na watu wakavunjika mbavu, kwani huo ulikuwa utani bora kuliko yote, na wakangoja ainuke, na hakuinuka, na hilo nalo lilichekesha.

Basi kosa lilikuwa lake? Mgongo ukazidi kumpinda. Mvi zikamwota palepale, alizihisi zikimwashia kichwani. Pengine historia yote ile, watoto wenye ndevu, bibi harusi waliozeeka, mzee aliyelowa, vilitoka kwenye kicheko cha mwanamke mzembe. Nilisema nikicheka. Nilicheka. Nani anainuka akiambiwa kwa kicheko?

Nani anainuka akiambiwa kwa kicheko?

Mikono yake ikawa laini. Hakuiita kumbukumbu, ilimjia yenyewe. Alikuwa binti tena, amesimama ukingoni, harufu ya udongo mbichi, na chini mle mtani wake amelala chali. Binti anacheka. Analia na anacheka. Haya, Ngwali, toka. Naye akainuka. Palepale. Kwa haya moja, iliyosemwa kwa kicheko.

"Mwongo," akasema Sikudhani polepole.

"Nini?"

"Kaburini ulitoka. Nilikuwa nacheka, na ulitoka. Ulilijua neno."

Ngwali akaelewa. Ilionekana. Na hapo, nawaambieni, kulikuwa na nafasi. Uso unaweza kuinama kwa muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo ikamwokoa mtu pamoja na mji wake. Sikudhani alimngojea. Alikuwa tayari kumsamehe kila kitu kwa kope moja tu ikishuka, na Mungu anajua alisali ishuke. Ngwali hakuinamisha chochote. Alimkazia macho, makavu, akatabasamu.

"Kaburini palikuwa na mawe, Siku," akasema. "Hapa pazuri."

*

Kwa hiyo haikuwa haya.

Ilikuwa mgongo wake tu unamuuma.

Mama, nilikukabidhi kwa mtu aliyechoshwa na mawe. Nami nikaijengea mikono ile miwili nyumba, nikaishi humo, nikaizungushia mji mzima. Nikawaambia watu: nyinyi hamkumwona mle ndani. Kumbe hata mimi sikumwona.

*

"Bi Sikudhani!" mpiga mbiu akaita, na pembe ikalia, na watu wakatulia kidogo ili wapate kucheka vizuri. "Mbele ya hadhara hii. Ulipotamka haya, ulikuwa unasema nini?"

Alizitazama nyuso zile. Angesema: nilimwambia ainuke. Wangecheka. Angepiga kelele, angejigaragaza, angewaonyesha mzee wao langoni anavyotiririka maji, na wangecheka mpaka walie, kwani mtani akikasirika ndipo utani unaponoga. Ukweli wowote aliokuwa nao ulikuwa kitoweo tayari. Ngwali alikaa juu ya kitu kimoja tu, wala si kile kigoda cha miguu mitatu. Alikuwa amekalia utani wao wawili. Chini ya utani hakuna wizi. Anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika.

Na utani hauvunjwi. Hakuna aliyewahi kuuvunja. Ni kiapo cha waliochoka kuuana. Aliyeuvunja atazikwa na nani? Sikudhani aliliona kaburi lake mwenyewe, limechimbwa vizuri, na hakuna mtu ndani yake wa kumpokea.  Alitamani mtu amshike mkono, na mtu pekee ambaye angemshika alikuwa yule pale, ametabasamu, anangoja jibu.

"Ngwali," akasema. "Mimi si mtani wako."

Wakacheka. Mazoea. Kicheko kikapanda, kikafika katikati, kikakosa pa kushika.

"Mimi si mtani wako," akarudia, na safari hii sauti yake haikuwa na umri wowote. "Utani wetu nimeuvunja. Mama yangu namzika upya leo, mwenyewe, kwa mikono yangu. Na mimi nikifa mniache pale nitakapoangukia, mkono wake usiniguse. Ulichonichukulia utotoni, Ngwali, kula, nimekuachia. Lakini tangu sasa kila ulichonacho mkononi, na kila ulichokalia, hukupewa na mtani. Kitafutie jina jingine."

Ukimya ule sijui niuelezeje. Watu walikuwa na midomo wazi na hakuna kinachotoka. Mama mmoja mbele akaibana midomo yake kwa mkono, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha.

Kule langoni mtu akapiga chafya. Alikuwa Mwenye Mji. Akapiga nyingine. Akajikumbatia, mtu mpole na mzee anayeona baridi kwa pamoja, akatazama dimbwi miguuni pake, akatazama kigoda.

"Kumbe nimeibiwa," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa mshangao mkubwa, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma.

Ngwali akacheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile, kizuri, cha kuchokoza, nacho kilizunguka uwanja mzima kikitafuta wenzake. Kikazunguka tena. "Ni utani tu, jamani," akasema. "Si ni utani tu?"  Ngwali alicheka peke yake.

Ndipo kutoka mahali fulani katikati ya watu sauti moja ikasema, bila kucheka: "Haya." Ikasema na nyingine. Hazikuwa nyingi, wala hazikuwa na uhakika. Zilikuwa sauti za watu wanaojaribu neno walilokuwa wamelisahau, wanalionja kama bado lina chumvi. Sikudhani hakungoja kuona litaangukia nini ndani ya Ngwali. Alishalijua lile shimo. Akageuka, akajifunga khanga vizuri, akaanza kuondoka kati ya watu, nao wakampisha.

"Siku!"

Hakugeuka.

"Siku! Nani atanizika mimi?"

Alikuwa ameacha kucheka. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeachwa sokoni, na Sikudhani, aliyekuwa ameijua sauti hiyo kabla ya kujua kuhesabu, alihisi moyo ukimgeukia nyuma wenyewe. Alilia. Alilia njia nzima, na hakulifuta chozi hata moja, na hakusimama. Alikuwa amefika kwenye ghala la mtama alipoona kitu cheusi kikimtangulia ardhini. Mwalimu Zaharani alikuwa amedondosha kamba yake, anakitazama, mkono mdomoni. Kilikuwa kivuli chake yeye Sikudhani, kirefu, chembamba, kinaelekea mashariki.